Sahani ya Nyama Kutoka kwa Speransia

Siku ile naikumbuka kuliko ninavyoikumbuka hata harusi yangu, mwanangu. Ilikuwa Jumapili ya kiangazi, mwaka uliofuata baada ya kambi ya Mtabila kufungwa na Warundi kurudishwa kwao. Nilikuwa nimetoka misa ya kwanza, nimekaa barazani kwangu, sahani ya nyama ya ng'ombe mapajani, nakula kwa raha zangu. Saa nne asubuhi nilikuwa nalamba vidole. Saa tisa alasiri nilikuwa nimelala sakafuni, midomo imevimba, mwili mzima umetoka mabaka mekundu, koo limebana, na majirani wananimwagia maji wakidhani nakata roho.

Unacheka? Cheka tu. Siku hizi hata mimi nacheka. Ila nisikilize mpaka mwisho, kwa sababu nataka nikueleze jinsi nilivyokaribia kumfukuza nyumbani mtu asiye na pa kwenda, na kisa chenyewe ni mdudu mdogo kama punje ya mtama.

Nilikuwa na miaka hamsini na ushee. Usidhani ujana unaondoka mtu akipata mvi. Wangu ulikuwa umehama miguuni ukabaki kichwani: nilikuwa mwepesi wa hasira, mzito wa kuuliza. Baba wa watoto wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, akaniachia wana wawili wa kiume. Wote walikuwa wameoa na wamejenga pale pale nyumbani, nje kidogo ya mji wa Kasulu. Mke wa yule mkubwa, Mama Faida, alikuwa binti wa hapa hapa, wa ukoo tunaoujua mpaka babu zake. Mdogo, Yohana, fundi baiskeli, alimwoa Speransia, mtoto aliyezaliwa na kukulia kambini Mtabila. Wazazi wake waliporudishwa Burundi, yeye alibaki kwa mumewe. Mimi ndoa ile sikuipenda. Mdomo wangu haukusema, lakini uso wangu ulisema kila siku.

Sasa sikia jinsi tulivyokuwa tunaishi. Siku za kazi Speransia alishinda sokoni akiuza nyanya na vitunguu, kwa hiyo mimi nilikula kwa Mama Faida: ugali wa muhogo na maharage, kesho ugali na kisamvu, keshokutwa maharage tena. Jumamosi Yohana alirudi na nyama kidogo imefungwa kwenye gazeti. Alfajiri ya Jumapili Speransia aliichemsha taratibu na kitunguu mpaka ikalainika, na sahani ya kwanza, yenye kipande kizuri, ilikuwa yangu. Aliileta mwenyewe, akapiga goti, akanyoosha mikono miwili. Mimi nilipokea kwa mkono mmoja.

Jumapili ya pili ikawa vile vile. Nyama asubuhi, mabaka mchana. Ya tatu nikazimia kabisa, nikaja kuzinduka nimeshikwa miguu na kichwa. Hapo majirani wakaanza kazi yao. Mmoja akaniambia kuna sumu ya kutegewa, inayokaa tumboni saa nyingi bila kufanya kitu, ili mpishi asishikwe. Mwingine akasema watoto wa kambini wanajua mengi. Mimi nikaketi nikapanga mambo kichwani: nikila kwa Mama Faida, mzima, nikila kwa Speransia, hoi. Nikaona nimepata jibu, tena nikajisifu kwa akili nyingi. Kilichokuwa ndani ya sahani sikukifikiria hata kidogo. Nilimfikiria aliyeibeba.

Nikaitisha kikao cha ukoo. Shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu mume wangu, akakaa kwenye kiti, sisi wengine kwenye mikeka, nami nikasema mbele ya watu wote: "Huyu msichana ananilisha sumu."

Speransia alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alipiga magoti pale pale. "Mama, kile chungu tunakula wote. Mimi nakionja kabla ya kukupakulia."

"Unaonja chungu," nikamjibu, "sahani yangu huionji."

Wakaguna. Nikaona wameniunga mkono, nikavimba kichwa. Shemeji akaamua niende kwanza nikatibiwe kwa mama yangu mzazi, kule Busunzu, Kibondo. Nikirudi na mganga amethibitisha kuwa ni sumu, Yohana amrudishe mke kwao.

"Kwao wapi, baba mkubwa?" Yohana akauliza. "Kambi haipo."

Na mimi, mama yake, nikasema: "Burundi si mbali."

Nilisema hivyo, mwanangu. Ningeweza kuliruka neno hilo na usingejua, lakini basi ningekuwa nakudanganya. Mtoto wa watu, tumbo liko mbele, wazazi wake hajui wameangukia kilima gani, na mimi nikasema Burundi si mbali.

Mama yangu wakati huo alikuwa mkongwe wa macho hafifu, lakini ulimi wake ulikuwa unakata. Akamwita mganga wa mitishamba kutoka Kumsenga, mzee mtaratibu, msafi, ambaye hata leo simsemi vibaya. Yule mzee alinitazama macho na ulimi, kisha akaniuliza swali zuri kabisa: "Kuna chakula kinachokukataa?"

Nikasema hakuna. Nilijibu upesi upesi, maana nilitaka sumu. Nilikuwa nimeshamchagua mchawi wangu na sikutaka mtu aniharibie. Mzee akachimba mizizi yake, akaelekeza ichemshwe na supu ya mbuzi, kwa kuwa damu yangu imepungua na nahitaji nguvu. Mama akachinja mbuzi wake mmoja. Akakoka moto mwenyewe, akachemsha mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akanimiminia bakuli zima asubuhi na minofu juu. Nikanywa, nikatafuna, nikashukuru.

Adhuhuri viganja vikaanza kuwasha. Baadaye kidogo mdomo ukajaa, pumzi ikawa inaingia kwa kupiga mluzi. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu. Niliona kweli ninakufa, na cha ajabu, hata wakati huo nilikuwa namlaani Speransia aliyekuwa Kasulu. Wakanipakia kwenye pikipiki katikati ya wanaume wawili, wakanikimbiza zahanati, nikachomwa sindano, nikarudi duniani.

Asubuhi yake mama alikuja na fimbo yake akakaa ukingoni mwa kitanda. Sikutegemea pole, na sikuipata.

"Mwana wanje," akasema, akiniita mwanawe kwa Kiha, "ile supu alipika nani?"

"Wewe, mama."

"Dawa alichemsha nani?"

"Wewe."

"Mbuzi alikuwa wa nani?"

"Wako."

"Ego, naam. Basi itisha kikao. Waambie mama yako amekulisha sumu. Na mimi nirudishwe kwetu. Baba yangu amekufa siku nyingi, lakini nitamtafuta huko huko."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilitazama ukuta. Mama hakucheka. Akagonga fimbo sakafuni akasema: "Mtoto wa mwenzio umemweka uchi mbele ya wanaume, na hujamuuliza hata swali moja. Ulikula nini kwake? Sema."

"Nyama."

"Na kwangu?"

"Nyama."

"Na kwa yule mwingine unayemsifu?"

Kwa Mama Faida sijawahi kupewa nyama, mwanangu. Hata Krismasi nilipewa maharage. Ndipo nilipoona ujinga wangu wote umeanikwa juani: yule aliyenipa chakula kizuri ndiye niliyemwita muuaji, na aliyeninyima ndiye niliyemwita mtu mwema. Nililia pale kitandani, machozi ya aibu, na mama akaniacha nilie.

Tabibu wa zahanati, kijana mdogo tu, alikuwa amesimama na karatasi zake akisikiliza. Akavuta stuli. "Shikamoo tena, mama. Hebu nikuulize. Kabla ya haya yote, uliwahi kuumwa na kupe?"

Nilidhani ananitania. Kupe? Mwanzoni mwa kiangazi kile nilishinda wiki nzima nikikata nyasi za kuezekea kule kando ya ilipokuwa kambi, mahali ambapo watu wameondoka na majani yameota mpaka kiunoni, na wafugaji wanapitisha ng'ombe wao. Nilirudi na kupe kwapani, nyuma ya magoti, kiunoni, wale wenye madoadoa. Vidonda vyao viliwasha wiki na wiki. Na aliyenitoa mmoja mmoja kwa kucha zake, akiniosha kwa maji ya chumvi, alikuwa Speransia.

Tabibu akanieleza kwa lugha ya kueleweka. Kuna watu wakiumwa na kupe, mate ya yule mdudu yanaufanya mwili uichukie nyama ya wanyama wanaonyonyesha: ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, wote. Mwili haupigi kelele papo hapo. Unangoja saa tatu, nne, hata sita, ndiyo maana mtu hafikirii alichokula. Kuku hana neno, samaki hana neno, mayai hayana neno. Wengine hata maziwa na samli vinawadhuru, wengine haviwadhuru.

"Nisikudanganye, mama," akasema. "Hapa sina kipimo cha kuthibitisha. Nimesoma, na wewe unafanana na nilichosoma. Acha nyama kabisa mwezi mzima, tuone. Hivi vidonge ni vya kuwashwa. Lakini koo likibana au ukiona kizunguzungu, usingoje vidonge wala mizizi, kimbia kwenye sindano."

Siku ya tatu nilipanda basi kurudi Kasulu. Njia nzima nilikuwa natunga maneno, na nilipofika yote yakapotea. Speransia alikuwa nyuma ya nyumba anakunja nguo. Alikuwa ameshafunga kitenge kimoja kama fuko, cha pili kiko wazi. Hakulia wala hakunikasirikia. Aliniamkia kwa goti kama siku zote, na goti lile liliniuma kuliko tusi.

Nikamwambia kila kitu: mbuzi wa mama, sindano, kupe. Nikamwambia, "Nimekukosea." Kisha nikamwambia nililoamua kwenye basi: "Mwezi huu wote nitakula kwako tu. Asubuhi, mchana na jioni, kwa mkono wako. Nyama usinipe. Watu wataona."

Akanitazama kwa mara ya kwanza usoni. "Na mama akiugua malaria?"

Na ilikuwa kweli, mwanangu. Ningeugua chochote mwezi ule, hata mafua, ukoo mzima ungesema ndiye. Mimi nilikuwa nahatarisha tumbo langu, yeye alikuwa anahatarisha ndoa yake na mtoto aliyekuwa bado hajazaliwa. Alisugua mgongo wa mkono wake. Kisha akafungua kile kitenge, akatoa upawa wake uliokuwa umefungwa na nguo.

"Nitapika," akasema.

Shemeji alipopata habari alikuja mbio na baiskeli kunikataza. Nikamwambia akae ale. Hakukaa.

Mwezi ule nilimjua mkamwana wangu. Alitenga chungu changu peke yake, kilichokuwa hakijapikiwa nyama tangu kinunuliwe. Mwiko wake, upawa wake, vyote mbali. Alinipikia samaki wa ziwani, migebuka, kwa mawese, dagaa wa kukaanga na nyanya, maharage, ndizi, na mara mbili kuku. Siku Yohana alipoleta nyama, walikula wenyewe kimya kimya, akaosha vyombo kwa majivu mara mbili. Soko aliacha kwa muda. Mama Faida alipita pita akichungulia, na mimi nilimwita kwa sauti, "Karibu uone, leo nimelishwa samaki!" Sikuwa nimeacha ukorofi wangu wote, si unajua.

Karibu na katikati ya mwezi, balaa. Nilikuwa natoka kuokota kuni mchana, ghafla shingo na mikono ikawaka moto wa kuwashwa. Nikaanza kujikuna kama mwendawazimu. Watu walijaa uani kabla hata sijakaa chini, na shemeji naye akatokea. Sijui alikuwa amejificha wapi. Speransia alisimama mlangoni ameshika fremu kwa mikono miwili, uso umepauka. Nilimwona akimtazama Yohana kama mtu anayeaga. Nikajitazama vizuri mikononi nikaona vinyweleo vya rangi ya kahawia vimeng'ang'ania ngozi.

"Upupu!" nikapiga kelele. "Nimepita kwenye upupu, nyie wajinga! Leteni majivu!"

Wakacheka, wakanipaka majivu mpaka nikawa kama mzimu, na shemeji akaondoka bila kuaga. Speransia peke yake hakucheka. Aliingia ndani, nikamfuata, nikamkuta ameketi chini anatetemeka mwili mzima. Nikaketi naye na majivu yangu, nikamshika. Hapo ndipo nilipoelewa nilichomfanyia, si kwenye kitanda cha zahanati.

Mwezi ukaisha sijapata baka hata moja. Nikaitisha kikao, mikeka ile ile, watu wale wale, kwa sababu tusi la hadharani haliombewi msamaha jikoni. Nikasema nilimsingizia, kwamba kilichonidhuru ni nyama na si mpishi, na kwamba atakayemwita Speransia mchawi ananiita mimi mwongo. Shemeji akaona aibu, akamwuliza kwa upole: "Wewe binti, huyu mama hakukupenda hata siku moja, na wewe ulijua. Kwa nini ulikuwa unampa kipande kizuri?"

Speransia akainama. "Kwetu kipande kile ni cha mama. Wangu yuko mbali, sina njia ya kumpelekea. Nilimpa mama niliye naye."

Shemeji alitoa leso akapenga kamasi, na mimi sikuona sababu ya kujificha, nililia mbele yao wote.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa elfu mbili na kumi na tano, nilijiona nimepona, nikaiba kipande cha mbuzi kwenye ubatizo. Mwaka ule ule nilikuwa nimeumwa na kupe tena. Sitakusimulia zaidi, ila sindano ilikuwa mbili. Tangu hapo nimetulia. Simlilii ng'ombe, mgebuka wa Kigoma anatosha kumlisha hata mfalme.

Sasa nikuachie maneno yangu, uyaweke unapoweka vitu vyako. Ukienda majanini, vaa nguo ndefu, na ukirudi jikague mwili mzima, mtoe kupe mapema. Mwili ukikukataza chakula, utii, usishindane nao kwa ajili ya heshima ya karamu. Mwambie mwenyeji tangu asubuhi, naye atakupa kuku. Mitishamba siidharau. Mshubiri wangu uko nyuma ya nyumba mpaka leo, unatuliza ngozi inapowasha, na yule mzee wa Kumsenga siku hizi anachemsha dawa zangu kwa maji matupu baada ya mimi kumweleza ukweli. Lakini hajawahi kuniahidi kwamba mzizi wake utaifanya nyama inipende tena, na atakayekuahidi hivyo mkimbie. Uliza dawa imechemshwa na nini kabla hujameza. Pumzi ikibana, nenda hospitali, mizizi itakungoja.

Na ukiugua, mwanangu, chunguza sahani kabla hujamchunguza aliyeileta. Uliza maswali kumi kabla hujataja jina la mtu, kwa sababu maumivu yangu yalitulizwa na sindano moja, na neno langu lilichukua miaka kutoka moyoni mwa yule mtoto. Sina hakika limetoka lote.

Mungu akulinde na kupe wa porini na ulimi wako mwenyewe. Akupe mwili mzima, chungu kisichokauka, na mtu wa kukupakulia kipande kizuri. Na siku akikunyooshea sahani kwa mikono miwili, akujalie uipokee kwa mikono miwili.